Ushauri: Kanisa jipya la bati, watu 350, bajeti milioni 15. Tufunge vyombo gani?

katibu_ujenzi

Habari za jioni wakuu.

Tumehamia jengo jipya hapa Morogoro, Mungu ni mwema. Urefu mita 24, upana mita 14, kuta za tofali zimepigwa lipu na rangi, sakafu ya vigae, madirisha ya alumini, juu bati, dari bado. Madhabahu iko kwenye ukuta mmoja mfupi. Jumapili tunafika 350, ibada ya Jumatano tunakuwa kama 40.

Kasheshe iko hivi: kwaya ikiimba raha tupu. Mchungaji akishika maiki kuhubiri, kuanzia safu ya sita kurudi nyuma ni ngurumo. Sauti wanaisikia, maneno hawayapati. Wazee wa kanisa wanasema dawa ni kuongeza spika. Tumechangishana tukapata milioni 15, na muuzaji mmoja wa Kariakoo katupa profoma: spika nne zenye inchi 15 mbili mbili, sabwufa nne za inchi 18, amplifaya tatu, miksa ya chaneli 16 na maiki nne zisizo na waya. Anasema mzigo huo hata uwanja wa mpira unausimamisha. Naomba mawazo kabla hatujalipa.

besi_la_mbeya

Lipeni haraka kabla bei haijapanda. Sisi tuna sabwufa mbili tu na vijana wanalalamika kila wiki. Ibada bila besi imepoa.

waya_mwekundu

Katibu, shikilia hela kwanza.

Sisemi muuzaji anakuibia, kakuandikia alichonacho dukani. Ila wewe mwenyewe umeshataja ugonjwa: sauti wanaisikia, maneno hawayapati. Wati mnazo za kutosha, kinachowaua ni mwangwi. Ukileta spika kubwa kwenye ukumbi unaorudisha sauti, na kile kinachorudishwa kinakua kwa kiasi hicho hicho. Mchungaji atapaza, fundi mitambo atapandisha, na safu ya sita itabaki na ngurumo yake, safari hii kubwa zaidi.

Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde, maana yake kila mita inakula karibu milisekunde 3. Ile inayotoka spika za mbele inagonga ukuta wa nyuma na kumrudia aliyekaa mbele ikiwa imetembea mita 48, sawa na milisekunde 140. Sikio linavumilia marudio yanayofika ndani ya milisekunde 50 hivi, linayachanganya na sauti ya kwanza na hata linafaidika nayo. Yakichelewa zaidi yanaanza kufunika silabi inayofuata. Sasa mchungaji aliyepata moto anatoa silabi tano sita kwa sekunde, piga picha mwenyewe. Irabu zina nguvu, zinabaki zinaelea. Herufi kama s, t, k na f ni hafifu, zinazama chini ya irabu zilizotangulia. Kwaya haiumii kwa sababu inavuta noti, mwangwi unaipamba.

Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mwalimu wa fizikia Harvard, Wallace Sabine, aliyepewa ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyekuwa anamwelewa mhadhiri. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akawa anaiongeza kidogo kidogo usiku huku akipima sauti inachukua muda gani kufifia. Fomula aliyoipata tunaitumia mpaka leo: ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha 0.161, gawa kwa eneo linalomeza sauti kwa mita za mraba, unapata sekunde ambazo sauti inachukua kufifia.

Wa kwenu, nikikadiria wastani wa kimo mita 6, una mita za ujazo 2,016. Vigae, lipu na bati vinameza kidogo sana, vyote kwa pamoja nivipe mita za mraba 34. Madirisha wazi weka 20, maana sauti iliyotoka dirishani hairudi. Jumla 54. Ukumbi ukiwa mtupu, sauti inafifia kwa sekunde 6. Mtu mmoja aliyekaa anameza karibu 0.45, kwa hiyo Jumapili watu 350 wanaleta 157 na muda unashuka hadi sekunde 1.5. Jumatano watu 40 wanaleta 18 tu, mnabaki na sekunde 4.5. Mahubiri yanataka sekunde 1 au zaidi kidogo. Ni makadirio ya mezani, lakini picha unaiona: Jumapili mko mpakani, Jumatano mnaelea baharini.

Nijibu kitu kimoja: spika mlizonazo sasa zimekaa wapi?

katibu_ujenzi

Mkuu umenifungua macho. Spika mbili za inchi 15, ziko kwenye stendi fupi pembeni ya madhabahu, zinatazama mbele. Moja iko nyuma kidogo ya mchungaji kwa sababu ya nafasi ya kinanda.

waya_mwekundu

Basi nusu ya tatizo iko hapo. Spika ikiwa kimo cha kifua, wa safu ya kwanza wanapigwa usoni na miili yao inazuia wa nyuma. Kinachovuka juu ya vichwa kinakwenda kugonga ukuta. Na hiyo iliyo nyuma ya mchungaji inaingia moja kwa moja kwenye maiki, ndiyo maana fundi akipandisha kidogo tu inapiga mluzi.

Zipandisheni mita 2.5 hadi 3, zifungwe ukutani kwa vyuma vya kuaminika (na mnyororo wa akiba, tafadhali, pale chini wanakaa watoto), zisogee mbele ya mstari anaosimama mchungaji, halafu ziinamishwe mpaka pua za spika zitazame watu waliokaa theluthi ya pili ya ukumbi. Lengo ni sauti itue kwenye miili ya watu, maana ndiyo pekee humo ndani inayomeza, badala ya kutua kwenye lipu. Kazi hiyo haina hata shilingi ya spika mpya. Ifanyeni kabla ya kitu kingine chochote.

mtu_wa_makumbusho

Naongezea kidogo. Makanisa ya zamani yalijengwa kwa ajili ya kuimba. Ingia lile la Waanglikana pale Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa 1873. Mawe matupu na dari refu la tao. Wimbo mle ndani unapaa, ukisema kwa kasi unapotea. Mapadre wa zamani walikuwa wanasoma polepole, sentensi kwa sentensi, na walikuwa wanajua kwa nini. Hata St Paul's ya London, mapema miaka ya 1950, walipoamua kusaidia sauti walifunga spika ndefu za nguzo, zile nyembamba zinazotupa sauti mbele bila kuimwaga juu darini, na zile za mbali wakazichelewesha.

waya_mwekundu

Sahihi kabisa, na spika za nguzo siku hizi zipo za bei nafuu. Kwa ukumbi wenye mwangwi ningezipa nafasi kabla ya yale makabati ya inchi 15 mbili mbili.

pastor_mstaafu

Bwana asifiwe wapendwa. Na sisi tupunguze kasi kidogo. Nimehubiri miaka mingi, nimegundua nikitulia, hata mtambo mbovu unasikika.

mjasiriamali_dom

Kwetu tulibandika trei za mayai ukuta mzima. Vipi hiyo?

waya_mwekundu

Trei za mayai ni ushirikina wa mafundi. Zinagusa kidogo sana sauti za juu, za kati zinapita, na karatasi ile ni kuni. Sponji ya godoro inameza kiasi lakini ikishika moto moshi wake unaua watu kabla moto haujawafikia. Sitaki kuiona kwenye ukumbi wa watu 350.

Kinachofaa ni pamba ya mwamba, ile inayowekwa juu ya dari kuzuia joto, unaitia kwenye fremu za mbao zenye kina cha sentimita 5 hadi 10 na kuifunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Puliza kwa mdomo: pumzi ikipita, na sauti itapita. Kitenge chepesi kinafaa, rangi chagueni wenyewe. Anzeni na ukuta wa nyuma. Katibu, mkifunika mita za mraba 60 za ukuta ule kwa kitu kinachomeza asilimia 70, mnaongeza 42. Jumatano mnatoka sekunde 4.5 mnaingia 2.8, Jumapili mnashuka chini ya 1.3. Na yale marudio ya milisekunde 140 yanakatika kwenye mzizi.

Kama hela ya pamba haipo, mapazia mazito yenye mikunjo, yaachwe sentimita 10 kutoka ukutani. Satini ya harusi haimezi kitu.

Dari likija, msipige jipsamu laini kote mkadhani mmemaliza. Linapunguza ujazo na linazuia kelele za mvua kiasi, lakini uso wake unarudisha sauti kama ukuta tu. Na mvua ikipiga bati tupu msishindane nayo, subirini ipite au imbeni.

besi_la_mbeya

Nyie mnafanya mambo magumu. Wati zikiwa nyingi kila kitu kinasikika.

waya_mwekundu

Ndugu yangu, ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo muumini ataiona kwa shida. Ili sikio likubali kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Na ukitaka kumfikia wa mbali kwa nguvu za mbele peke yake, unamchoma wa karibu. Kwa jengo la Katibu ningeweka spika mbili nzuri za mbele za inchi 12 zenye amplifaya ndani, na nyingine mbili ndogo katikati ya ukumbi, mita 13 kutoka za mbele, zikitazama nyuma kwa sauti ya chini. Hizo za katikati zicheleweshwe milisekunde 38 za safari, ongeza 10, ili wa nyuma asikie zake lakini akili yake imwambie sauti inatoka madhabahuni. Bila kuchelewesha mtakuwa mmetengeneza mwangwi wa pili kwa hela yenu wenyewe.

Sabwufa moja inatosha, mbili kama kwaya yenu inapenda seben.

mtoto_wa_tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi Muislamu ila nimeusoma uzi wote. Msikitini kwetu tulikuwa na shida hiyo hiyo wakati wa hotuba ya Ijumaa. Honi za nje ni za adhana, ndani tulikuwa na spika mbili kubwa mihrabuni. Fundi akazitoa, akafunga ndogo ndogo nane kwenye nguzo, kila moja inanong'ona kwa watu wake. Zinatumia ule mfumo wa volti 100 kwa hiyo waya mmoja unazipitia zote. Sasa hivi hata mzee anayeegemea ukuta wa nyuma anamsikia khatibu.

waya_mwekundu

Waaleikum salaam. Huyo fundi wenu anajua kazi. Kwa mahali pa kuhutubia tu, spika nyingi ndogo zilizo karibu na watu zinashinda. Wa Katibu wana ngoma na gitaa, ndiyo maana nachanganya.

jirani_mvumilivu

Na mimi niseme, maana ukuta wa chumba changu cha kulala unapakana na kanisa. Maneno ya mchungaji siyasikii, besi inatikisa vyombo kabatini mpaka saa tisa usiku siku za mkesha. Tulishakwenda serikali ya mtaa tukachoka. Mnaponunua hizo sabwufa mtufikirie na sisi.

waya_mwekundu

Jirani, pole. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, ukuta wa tofali na dirisha la alumini haviwezi kulizuia. Hapo hakuna ufundi, ni kupunguza besi na kuzima sabwufa ikifika saa nne usiku. Na wakuu mkumbuke kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za kelele za 2015, zina viwango vya mchana na vya usiku, na wasimamizi wa mazingira hawaulizi kama ni baa au kanisa. Ukumbi uliotibiwa mwangwi unapigwa kwa sauti ya chini na bado watu wanaelewa, kwa hiyo hizo fremu za pamba zinamsaidia na jirani pia.

mama_soprano

Shalom. Kaka waya, na sisi wanakwaya? Tuko 25, maiki nane, na hatujisikii. Tukiomba monita (ile spika ya kutusikilizisha sisi wenyewe) ipandishwe inalia.

waya_mwekundu

Dada, maiki nane ndizo zinazolia. Kila mkizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, mnapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki tatu zinawatosha watu 25, za kondensa kama mnaweza, zinazotaka volti 48 kutoka kwenye miksa. Ziwekwe mbele na juu kidogo ya vichwa, na umbali kati ya maiki na maiki uwe walau mara tatu ya umbali wa maiki na mdomo. Monita ikae upande ambao maiki haisikii. Maiki nyingi za kushika hazisikii upande unakotokea waya, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji ikimtazama. Na waimbaji wa kuongoza waache kufumbata kichwa cha maiki kama wasanii wa Bongo Fleva. Ukikifumba unaziba matundu ya nyuma, inaanza kusikia kila upande, mluzi hapo hapo.

Kuhusu maiki ya mchungaji: ile ya Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na haina sababu ya kubadilishwa, tatizo ni bandia zake, Kariakoo zimejaa na mtaa wa Luthuli Nairobi zimejaa. Ikiwa bei ni robo ya ile ya wakala, hujapata bahati. Dai risiti ya EFD na ijaribuni mkiwa hapo hapo dukani pembeni ya nyingine mnayoiamini.

mbeba_box_texas

Wakuu, kanisa letu huku Marekani linabadilisha mitambo, kuna maiki sita zisizo na waya za kampuni kubwa wanazitoa bure. Katibu naweza kukutumia?

waya_mwekundu

Mungu akubariki, lakini angalia kibandiko cha nyuma kwanza. Wamarekani wenye maiki zisizo na waya walifukuzwa kwenye masafa ya megahezi 700 mwaka 2010, na Julai 2020 wakatolewa sehemu kubwa ya 600 (megahezi 617 hadi 652, na 663 hadi 698), ndiyo maana zinatolewa bure. Huku 700 na 800 ni za mitandao ya simu, ukiwasha unaingiliana na intaneti ya watu, na chini ya 694 kuna televisheni za kidijitali. Katibu aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hajalipia mzigo. Pia vifaa vya volti 120 bila kibadilishi, vikichomekwa kwetu vinatoa moshi. Kama zina adapta ya volti 100 hadi 240 na masafa yanaruhusiwa, hapo tuma. La sivyo maiki moja nzuri ya waya ni bora kuliko nne zisizo na waya za bei chee, zile zinazoshika redio katikati ya sala ya toba.

katibu_ujenzi

Nimenakili yote. Umeme je? Tuna TANESCO na jenereta, na mpiga gitaa anasema akigusa maiki kwa mdomo anapigwa shoti.

waya_mwekundu

Hilo usilichukulie kama kero ndogo, watu wamekufa hivyo. Kuna soketi isiyo na ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja), au kuna mtu kakata pini ya ethi ili mlio wa "mmmm" uishe. Leteni fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya jengo kabla ya ibada ijayo, na mpaka hapo gitaa lisichomekwe.

Ikishakaa sawa: miksa, amplifaya na vyombo vya jukwaani vyote vitumie umeme wa fezi moja kutoka bodi moja ya kugawia umeme. Kinanda na gitaa viingie kwa kisanduku cha DI, kile kinachounganisha ala na miksa, kina swichi ya kukata ethi ya sauti, hapo mlio unaondoka bila mtu kuhatarishwa. Waya za maiki zisitembee sambamba na za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatishe kama msalaba. Stabilaiza muwe nayo. Jenereta likiwaka, lisubirini litulie kabla ya kuwasha chochote, na amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa.

katibu_ujenzi

Mgawanyo wa milioni 15 ungekuwaje?

waya_mwekundu

Kwa mkono wangu: theluthi iende kwenye jengo na umeme, yaani ukuta wa nyuma, ethi, waya, vyuma vya kupandishia. Spika nne na sabwufa moja zichukue kama asilimia 40. Kinachobaki ni miksa ya kidijitali ya chaneli 16 au 18, maiki na DI. Nataka ya kidijitali kwa sababu ina ucheleweshaji, ikwalaiza na limita ndani yake, na ukishaipanga unaihifadhi. Spika za zamani za inchi 15 msiziuze, zitakuwa monita.

Na mteueni mtu. Sio "kijana yeyote anayejua simu". Watu wawili, wafundishwe, wakae na miksa katikati ya waumini badala ya kujificha nyuma ya pazia la madhabahu. Cha kwanza wajue kukata sauti za chini ya hezi 100 kwenye kila chaneli ya mtu anayesema, cha pili wajue kuzima maiki ambayo haina mtu.

Kabla ya kununua lolote, fanyeni jaribio Jumatano. Azimeni mablanketi mazito, yatundikeni ukuta wa nyuma. Pandisheni spika. Mtu asome kwenye maiki maneno 50 yasiyo na mpangilio, samaki, kisu, posho, tofali, watu wa safu ya mwisho waandike walichosikia. Mfanye mara moja na mablanketi, mara moja bila.

katibu_ujenzi

Mrejesho wakuu. Tumefanya. Bila mablanketi, mama mmoja aliandika "kitu" kila palipokuwa na "kisu". Na mablanketi spika zikiwa juu, wengi walipata zaidi ya maneno 40. Mzee aliyekuwa anashikilia wati kuliko wote amekaa kimya, kisha akauliza pamba ya mwamba inauzwa wapi. Profoma tumeirudisha dukani. Fundi umeme kakuta soketi mbili za madhabahuni hazina ethi kabisa.

Swali la mwisho: ukuta wa nyuma una mlango mkubwa wa kioo katikati. Nao tuufunike?

waya_mwekundu

Mlango wa dharura haufunikwi. Wekeni pazia zito la kuteleza kwenye reli, linafunguka lote kwa mkono mmoja, na lisifike sakafuni. Kisha ongezeni fremu mbili tatu kwenye kuta za pembeni, kwenye ile robo ya nyuma. Nitumie picha ya ukuta nikuchoree vipimo.